Kaburi la Baden-Powell Lina Sheria. La Kwetu Lina Kidole cha Cucu.

Wasee, leo hakuna kuchekesha. Najua wengi wenu mlinifuata kwa zile video za makanga wa Karatina na ile ya mathe akihesabu vijiko vya sukari. Zitarudi. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni miezi kadhaa, na siwezi kukimeza tena. So kaa hapo usome. Ni ndefu, lakini ni maandishi tu, haitamaliza bando yako.

Tuanzie town. Ukifika Nyeri, uliza makaburi ya kanisa la St Peter's, kila mtu wa nduthi anayajua. Hapo amelala Baden-Powell, yule mzungu aliyeanzisha Skauti. Alikufa hapa Nyeri tarehe 8 Januari 1941, akiishi kwenye nyumba yake ndogo ya Paxtu pale Outspan. Jiwe lake lina duara na nukta katikati, ile alama ya skauti ya kusema nimeenda nyumbani. Mke wake Olave alifia Uingereza 1977, na bado majivu yake yakasafirishwa mpaka hapa awekwe kando ya mzee wake. Kwenye makaburi hayo hayo yuko Jim Corbett, yule mwindaji wa chui-milia wa India, aliyekufa hapa 1955. Skauti wanatoka pembe zote za dunia kuja kupiga saluti. Na hilo kaburi la Baden-Powell limetangazwa na serikali ya Kenya kuwa mnara wa kitaifa. Ukienda pale na jembe, hiyo ni kesi.

Panda kidogo mpaka Mathari. Waitaliano wamejenga kanisa la kumbukumbu, na ndani wamepumzisha mamia ya askari wao waliofia Kenya wakiwa mateka wa vita vya pili. Yuko hata Duke wa Aosta, mkubwa wao aliyesalimu amri Ethiopia 1941 na kufia Nairobi akiwa mfungwa, Machi 1942. Hapa Nyeri pia kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Mawe yamepangwa kwa laini, nyasi imekatwa, kila jiwe na mtu wake.

Sina shida na hao watu. Narudia kwa wale wa kukimbilia komenti kabla hawajamaliza kusoma: sina shida na hao watu. Mtu akifa mbali na kwao, akipewa jiwe na jina, hiyo ni heshima na nimefurahi ilifanyika kwetu. Shida yangu ni swali moja. Wale waliokufa wakiwa kwao, kwa shamba lao, mlima wao ukiwaangalia, jiwe lao liko wapi?

Sasa nikuambie kuhusu kidole cha cucu.

Cucu yangu alikuwa msichana mdogo 1954, wakati serikali ya mkoloni ilipohamisha watu kwa nguvu na kuwaweka kwenye vijiji vya Emajensi. Kama ulilala darasa la historia, nikukumbushe. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Halafu wakaona Mau Mau wanapewa chakula na watu wa nyumbani, wakaamua kuwafungia hao watu wa nyumbani. Zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitolewa kwa boma zao na kusukumwa kwenye vijiji vilivyozungukwa na mitaro yenye vijiti vilivyochongwa. Kafyu. Kazi ya lazima. Shamba unaenda saa wanayotaka wao. Chakula kikaisha, magonjwa yakaingia, na watoto wakaanza kufa.

Ndugu mdogo wa cucu alikuwa mmoja wao. Alizikwa pembeni ya kijiji, nje ya mtaro, karibu na mti wa muringa, yeye na wengine. Hakuna jiwe. Hakuna msalaba. Kuna cucu tu, ambaye maisha yangu yote tukipita hiyo njia alikuwa anainua kidole na kusema, "Pale." Hakuongeza neno. Nikiwa mdogo nilidhani ananionyesha mti.

Mwaka jana ule mti ulikatwa. Ploti iliuzwa, mwenyewe mpya akaleta tingatinga, msingi ukachimbwa. Aliyenunua simlaumu, yeye alinunua nyasi na hakuna karatasi iliyomwambia kuna watu chini. Nilikimbia ofisi moja ya serikali, sitaitaja, nikaeleza. Jamaa akanisikiza vizuri kabisa, kisha akaniuliza, "Kijana, uko na taito?" Nikamwambia sina, niko na cucu. Akacheka. Si kwa ubaya, alidhani natania. Akaniambia bila karatasi hakuna kitu anaweza kufanya, na kitu kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alikuwa anasema ukweli.

Kwa sababu nimesoma hizo sheria. Ndiyo, mimi mwenye niliacha kampasi mwaka wa pili. Nilianza kuzisoma usiku kwa simu nikitafuta pa kushika, na nimegundua hivi.

Kuna Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006. Ni sheria nzuri. Inampa waziri nguvu ya kutangaza mahali kuwa mnara wa kihistoria kwenye Gazeti rasmi, na pakitangazwa huwezi kupagusa ovyo. Lakini lazima pajulikane kwanza, na lazima mtu mkubwa aone panafaa. Kaburi la watoto wasiojulikana majina, karibu na mti ambao hauko tena, litajulikana na nani?

Kuna kifungu cha 136 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema ni kosa kuingilia mahali pa maziko. Nilipokiona niliruka kitandani. Halafu nikasoma mpaka mwisho. Lazima uonyeshe mtu alikuwa na nia ya kuumiza watu au kutukana dini yao, au alijua kuwa wataumia. Mtu aliyechimba msingi bila kuambiwa kitu, utamshika na nini?

Kuna Sheria ya Afya ya Umma, inayotaka kibali kabla ya kufukua maiti. Sawa. Lakini kibali unaomba ukijua kuna maiti.

Halafu kuna Katiba yetu ya 2010, na hapa ndipo nilicheka kicheko cha uchungu. Fungua Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Makaburi yamepewa kaunti, chini ya afya. Herufi ya makaburi ni (f). Inayofuata, (g), ni kuzoa taka. Sisemi waliotunga walikuwa na nia mbaya, makaburi ni jambo la usafi pia. Lakini angalia kile tumefanya na hiyo orodha. Kwa vichwa vya viongozi wetu, makaburi ni kitu cha kutafutiwa ekari ingine yakijaa. Kwamba pia ni kumbukumbu, hilo halina herufi.

So usiniambie hakuna sheria. Sheria ziko. Zote zinalinda kaburi ambalo tayari lina jiwe, jina na mtu wa kulipigia simu. Ndiyo maana mzungu wa Skauti yuko salama na mtoto wa Emajensi amewekewa jikoni juu yake.

Sasa, kuna watu wanajaribu kubadilisha hii kitu, na ndio sababu naandika. Ni kikundi kidogo cha kujitolea, hakina ofisi, hakina fulana zenye nembo. Kuna mwalimu mstaafu, kuna dada wa kuuza mitumba, kuna vijana wawili wa nduthi, kuna mzee mmoja anayetembea na mkongojo kuliko vile mimi natembea na miguu yangu. Jumamosi wanaenda kijiji kwa kijiji, wanakaa na wazee, wanauliza, "Mlizika wapi?" Wanaandika. Wanapiga picha. Wanaweka alama kwa simu. Na wanachotaka ni bunge la kaunti lipitishe sheria ya kulinda makaburi ya zamani. Nilienda nao mara ya kwanza nikitafuta kontenti, sitadanganya. Mara ya pili nilienda bila kamera.

Na mmewafanyia nini hawa watu? Mmewacheka. Niliweka kipande kifupi cha dakika moja na nusu, komenti zikaja kama mvua ya Aprili. Nizijibu moja moja.

"Vijana hawana kazi na wewe unaongea kaburi." Buda, mimi ndiye kijana asiye na kazi unayemwongelea. Nimelala njaa nikiwa na wafuasi elfu kadhaa. Lakini tangu lini kutokuwa na kazi kunamaanisha pia nisiwe na watu? Na kama unaona ni lazima tuchague moja, niambie ni kazi ngapi zilipatikana ule mti wa muringa ulipokatwa. Mimi nilihesabu. Dereva wa tingatinga, siku moja.

"Ardhi ni ya walio hai." Hii ina uzito, so nitaijibu kwa heshima. Najua vijiji vya ukoloni bado viko hapa Nyeri, na watu wanaishi ndani yake mpaka leo kwa vipande ambavyo huwezi kugeuza mkokoteni, wakidai taito miaka na miaka. Wapewe. Wapewe jana. Lakini sikiza: mpima ardhi akija kuchora hicho kijiji, anachora barabara, anachora shule, anachora kanisa. Kalamu iko mkononi tayari. Ni nini kinamzuia kuuliza wazee watatu na kuchora pia mahali walipozikwa watu? Hakuna anayetaka ekari kumi. Mara nyingi ni sehemu ndogo kuliko uwanja wa kuegesha magari wa supamaketi. Ikikosa kuchorwa sasa, ikishakuwa taito ya mtu, basi. Tutakuwa tunapigana na jirani yetu maskini badala ya kupigana na historia.

"Wakikuyu hawakuwa na makaburi, hiyo ni mambo ya wazungu." Kumbe mnasoma! Ni kweli kwa sehemu. Zamani wengi hawakuzikwa, waliachwa msituni, na kuzikwa kulikuwa kwa wazee wenye mali na heshima. Kenyatta aliandika kuhusu mila hizi kwenye kitabu chake cha 1938. Lakini wale watoto wa 1954 hawakuachwa msituni kwa mila. Walizikwa haraka, na watu waliokuwa chini ya bunduki, mahali walipoambiwa. Huwezi kuchukua mila ya watu huru ukaitumia kufunika kitu walichofanyiwa watu waliofungwa.

"Sisi tunakumbuka kwa majina, si kwa mawe." Hii ndiyo ilinigusa zaidi, kwa sababu ni kweli. Mjomba wangu wa mwisho ana jina la yule mtoto. Ndivyo tunavyofanya, mtu anarudi kwa jina. Lakini fikiria. Yule mtoto alirudi kwa sababu dadake aliishi, akaolewa, akazaa wavulana wa kutosha mpaka zamu ya ndugu yake ikafika. Na wale wengine pale kwa muringa? Familia ambayo iliisha yote kijijini, nani alibaki wa kumpa mtu jina? Jina linahitaji mtoto wa kulibeba. Jiwe halihitaji.

"Hayo mambo ya kale yataleta ukabila na kulipiza kisasi." Kwa nani? Mwingereza mwenyewe alishakubali. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wao William Hague alisimama bungeni London akasema serikali yake inasikitika kwa mateso yaliyofanyika, wakalipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wakachangia mnara pale Freedom Corner, Uhuru Park, ukafunguliwa Septemba 2015. Kama aliyetutesa ameweza kutaja, sisi tunaogopa nini kuchora ramani?

Na nikuambie siri, hata wenye makaburi mazuri walilala. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu wao wenyewe. Wakakubali kwamba kuna askari na wapagazi angalau 116,000, na huenda wanafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia vita vya kwanza na hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni kina Kariokor. Ndiyo, Kariokor, lile soko la Nairobi unaloenda kununua viondo na nyama choma. Jina limetoka kwa Carrier Corps. Babu zetu walibeba mizigo ya vita ya watu wengine, wakafa, tukabaki na soko. Watu walipokataa kunyamaza, karibu miaka mia baadaye, Tume ikaanza kutafuta majina. Kumbe inawezekana.

Inawezekana kwingine pia. New York, 1991, serikali yao ilikuwa inajenga jengo la maofisi ikakuta mifupa. Ilikuwa makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, yaliyosahaulika chini ya mji. Mabaki ya watu zaidi ya 400. Ujenzi ulitaka kuendelea. Wananchi wakasimama, wakapiga kelele, mpango ukabadilishwa, na 2006 pakawa mnara wa kitaifa. Mwishoni mwa 2022 Marekani ikaweka sheria ya kusaidia kutafuta na kuhifadhi makaburi ya watu weusi. Haikushuka kutoka mbinguni. Ilianza na watu wa mtaa waliokataa tingatinga.

Na hapa nyumbani, Pwani, misitu ya Kaya za Mijikenda, mahali pa maombi na pa wazee wao, iliingia orodha ya UNESCO 2008. Wazee wa Kaya hawakungoja mtu. Waling'ang'ana. Wamijikenda wameweza, sisi wa mlima tunajiita wajanja tunashindwa na nini?

Nitakuambia tunashindwa na nini. Tunashindwa na sherehe. Kila Oktoba ishirini, Mashujaa Dei, wanasiasa wanavaa ngozi, wanashika usinga, wanataja Kimathi mara arobaini. Kimathi alishikwa hapa Nyeri 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Tuna chuo kikuu cha jina lake hapa, tuna barabara na sanamu yake Nairobi. Mwili wake? Mukami, mke wake, aliomba mifupa ya mzee wake kwa serikali baada ya serikali. Alifariki Mei 2023 bila kuipata. Septemba ya mwaka huo huo akaondoka Muthoni wa Kirima, yule Field Marshal aliyekaa msituni mpaka uhuru. Kama shujaa mwenye jina kubwa kuliko wote hana kaburi, unadhani mtoto wa kijiji atalindwa na hotuba?

Na hapo ndipo kuna haraka. Wale wanaojua wanaondoka. Mtu aliyekuwa na miaka kumi 1954 amepita themanini sasa. Kila mazishi tunayoenda Jumamosi, tukila pilau na kuulizana mtu wa drone ni nani, tunazika ramani.

So sheria tunayoitaka ni ya aina gani? Si ngumu. Kaunti iwe na daftari la makaburi yote ya zamani, yenye mawe na yasiyo na mawe, likubali ushuhuda wa wazee kama mwanzo wa uchunguzi. Mpima ardhi asimalize kijiji chochote cha ukoloni kabla ya kuuliza kuhusu makaburi. Anayenunua ploti ajulishwe kama ipo kwenye daftari, kabla hajalipa, ili naye asidhulumiwe. Ukichimba ukakuta mfupa, simamisha, piga ripoti, na usimame bila kuogopa kupoteza shamba lako lote. Na pawe na kitu cha kusimama hapo. Hata jiwe moja. Hata kama limeandikwa tu, "Hapa kuna watu."

Na hatuombi hisani. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, likiwemo ombi la kutunga sheria. Mtu yeyote. Haijasema mwenye digrii. Nimeangalia mara mbili.

Wale wa kujitolea nao niwaambie kidogo, kwa mapenzi. Mnaandika barua kwa Kiingereza kizito kama cha mawakili, halafu mnashangaa vijana hawaji. Ongeeni kama watu. Na msikubali mwanasiasa awanunulie fulana. Siku mtakayovaa sura yake kifuani, makaburi yatakuwa yake na kazi itakuwa yenu.

Nyinyi wasomaji wangu, sitawaambia mshee na hashtagi. Nimechoka na hashtagi, na mimi ndizo zinanilisha. Wikendi hii enda kwa cucu yako, kwa guka yako. Nunua mkate na majani chai. Kaa chini. Muulize, "Wakati wa Emajensi, mlizika wapi?" Washa simu urekodi, ukiruhusiwa. Kisha mwambie akupeleke, na kama hawezi kutembea, mwambie akuonyeshe kwa kidole. Weka alama kwa ramani ya simu. Halafu andika jina la MCA wako na umtafute. Bunge la kaunti lina mlango na mlango una ngazi, unapandika.

Mimi nilimuuliza wangu, baada ya mti kukatwa. Nilitarajia alie au akasirike. Alinyamaza muda mrefu, akachochea moto, akaniambia, "Mtoto wangu, yule mwenye nyumba usimsumbue. Ana watoto wadogo. Lakini jina la ndugu yangu, liandike mahali."

Nimeliandika. Liko kwenye daftari la wale watu wa kujitolea, laini ya kumi na saba, na nafasi ya kaburi imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwa sababu bado hakuna sheria ya kuiweka kwa wino. Ombi linapelekwa. Nitawaambia siku ikifika. Njooni na cucu zenu.